Jeki Iliyovaa Makintoshi

Mdogo wangu wa mwisho ni mjamzito, na kwa kuwa mumewe yuko safarini na miguu yake mwenyewe imevimba haiingii kwenye kiatu, kazi ya kuandaa mfuko wa hospitali imeniangukia mimi. Juzi nikaenda dukani Kasingirima. Khanga nilikuwa nazo, beseni lilikuwepo, pamba na glavu nilishanunua. Kilichobaki ni makintoshi, ule mpira mwekundu unaotandikwa kitandani mama anapojifungua. Mwenye duka akaukunjua mezani ili nijionee kwamba hauna tundu, na harufu yake ikanipanda puani. Nilisimama pale nimeushika hadi akaniuliza kama najisikia vibaya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimerudi Kidahwe, mtoto ambaye bado hajaanza shule, nimechuchumaa mbele ya nyumba yetu ya magurudumu nikimlinda mtu asikaliwe na kuku.

Ndiyo, nyumba ya magurudumu. Ninyi wa rika langu mlikulia kwenye nyumba zilizotulia, mkiziacha asubuhi mnazikuta jioni palepale, na ninyi ndio mliokuwa mkinicheka shuleni nilipowaambia kwamba sisi tulihama pamoja na kabati, vitanda na mapazia yakiwa bado dirishani. Baba alikuwa fundi sanifu wa barabara. Yeye na mama walitoka Njombe, akapangiwa kazi Kigoma, na kambi yao ikawa inasogea kadiri barabara ya Kasulu ilivyosogea. Wenzake walilala kwenye makontena. Baba, kwa kuwa alikuwa na familia, alipewa karavani iliyoachwa na watafiti wa samaki, watu waliomaliza mradi wao ziwani wakaondoka na vitabu vyao na kuliacha tela lao la kulala likiota kutu.

Karavani ile ilikuwa na magurudumu katikati tu. Ukiifungua kutoka kwenye gari linaloivuta inainamisha pua chini, isipokuwa pawepo kitu cha kuishikilia pale mbele. Kitu hicho ni jeki, na ya kwetu ilikuwa ya umeme wa betri. Ilikuwa na kichwa cheupe cha mviringo ambamo mlikuwa na mota, na chini ya kichwa mguu mmoja wa chuma. Baba akibonyeza swichi, mguu ulishuka polepole hadi kwenye kipande cha gogo, jeki ikalia kwa sauti nyembamba, na nyumba yetu ikainua pua. Hapo ndipo tulipokuwa tumehamia rasmi. Baba alikuwa na pimamaji ya kazini ya kuhakikisha nyumba imekaa sawa, lakini mama hakuiamini. Yeye aliinjika karai la mafuta ya maandazi. Mafuta yakikusanyika upande mmoja, alitoa kichwa mlangoni akamwambia baba kwamba nyumba yake imelewa. Baba hakubishana. Alibonyeza tena kidogo kidogo mpaka sauti ya mama ilipotoka ndani ikisema basi.

Kwa kuwa baba alishinda barabarani, kuitunza jeki ilikuwa kazi ya mama. Vumbi la kule mnalijua, jekundu, linaingia hata kwenye chumvi iliyofunikwa. Mama aliufuta mguu wa jeki kwa kitambaa kikavu kabla ya kuupaka grisi kwa kidole, tena kidogo tu, maana baba alimwonya kwamba grisi ikizidi inashika mchanga, na mchanga ukipanda ndani unakula meno ya gia. Vichwa vya betri vikiota ule unga mweupe alivimwagia maji ya moto na kuvisugua kwa mswaki uliochakaa. Na mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa alikivalisha kile kichwa mfuko wa plastiki na kuufunga kwa mpira wa baiskeli, kwa sababu maji yakiingia kwenye mota hakukuwa na fundi wa karibu wa kuifufua.

Kisha mama akapata tumbo. Aliniambia ndani mna mtoto, na akizaliwa mimi nitakuwa dada, na dada ana kazi zake. Nilizichukulia kazi hizo kwa uzito mkubwa hata kabla sijazijua. Siku ya kwenda hospitali mjini nilimwona akipanga khanga kwenye beseni, na juu ya khanga akaweka ule mpira mwekundu uliokunjwa, ukinuka duka. Nikauliza ni wa nini. Akasema ni wa mtoto. Baba akampandisha kwenye pikapu, nami nikaachwa kwa Mama Bukuru, mama wa Kiha aliyekuwa akituuzia mawese na ambaye naye alikuwa na kichanga mgongoni. Mama Bukuru aliniita mwana wanje, yaani mwanangu, na alinilisha kana kwamba kwetu hatuli.

Mama aliporudi, tumbo halikuwepo. Nilitazama mapajani kwake, nikatazama kwenye kiti, nikapanda nyuma ya pikapu nikatazama na huko. Kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni khanga zilizolowa na makintoshi. Baba akanishika bega akaniambia mama anaumwa, nisimuulize chochote. Nikasema sawa. Wanaonijua leo hawataamini, lakini wakati ule nilikuwa mtoto wa kusikia nikiambiwa jambo, na sikuuliza.

Hakuna aliyenieleza, na simlaumu yeyote. Bibi zangu walikuwa Njombe, mwisho mwingine wa nchi, na pale kambini wanaume walijua kufunga breki za greda lakini hawakujua waseme nini. Walipopita karibu na karavani walipunguza sauti. Mama Bukuru alileta uji, akaketi ukingoni mwa kitanda akamshika mama mkono na kusema naye Kiha, lugha ambayo mama hakuijua, na mama akawa anaitikia kwa kichwa. Nakumbuka khanga ya mama ikiwa imelowa kifuani hata siku ambazo hakufua. Nilidhani amejimwagia maji.

Alipopata nguvu za kutoka nje, jambo la kwanza alilofanya ni kuufua ule mpira. Aliufua mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Akauanika, akaukata, akaketi kwenye ngazi ya mlango na sindano ya kushonea magunia, na akashona kofia ndefu yenye kamba ya kukaza shingoni. Jioni ile aliivua jeki mfuko wake wa plastiki uliochanika, akaivalisha makintoshi, akaifunga kamba taratibu, na akabaki ameiwekea mkono kichwani.

Hesabu za mtoto ni fupi. Mama alikwenda kuchukua mtoto na akabeba mpira wa mtoto. Amerudi na mpira umevaliwa. Basi aliyeuvaa ndiye mtoto. Nilikwenda kupima kichwa cha jeki kwa viganja vyangu, nikaenda kupima cha mtoto wa Mama Bukuru, na vilikuwa sawa. Kuhusu mikono sikuwa na wasiwasi, kwa sababu hata kichanga cha Mama Bukuru kilifungwa khanga mpaka mikono haionekani. Vingine niliamini vitaota. Mimi mwenyewe meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na niliahidiwa kwamba yatarudi, kwa hiyo sikuona ajabu mtu kuja duniani kwa awamu.

Na kila nilichokiona kilinithibitishia. Alilia akibonyezwa. Alilishwa kwa kidole. Asubuhi, Mama Bukuru alipokifungua kichanga chake na kukilaza mapajani kipate jua la mapema, upande wa pili wa uwanja mama yangu naye aliivua jeki kofia yake. Baba alishamwambia kwamba chuma kikifunikwa muda wote kinatoa jasho ndani, na jasho hilo linaleta kutu kuliko mvua yenyewe. Mimi sikujua habari za jasho la chuma. Niliona kina mama wawili, kila mmoja akimwotesha jua wa kwake, wakisalimiana.

Nikaanza kazi za dada. Niliwafukuza kuku. Nilimsimulia habari za magari yaliyopita, na tuliporudi kutoka Katonga kununua dagaa nilimweleza jinsi ziwa lilivyokuwa likimeta hadi macho yanauma, kwa kuwa yeye hakuweza kuja. Bukuru, kaka wa kile kichanga, alikuwa na tabia ya kukaa juu ya chuma cha mbele na kuipiga jeki mateke kwa visigino huku akiimba. Siku moja nikamng'ata. Alilia uwanja mzima ukasikia. Mama akatoka akauliza sababu, nikamwambia alikuwa anampiga mateke. Mama hakusikia kitu chochote cha ajabu katika jibu langu. Alimfuta Bukuru machozi, kisha akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini kwamba kung'ata si vizuri, ila nimefanya vema kulinda, maana hicho kikiharibika tutalala tumeinama. Kama nilikuwa na shaka yoyote, iliisha siku hiyo.

Humo ndani, baba na mama waliongea mambo ya chumvi, dizeli na nguo za kufua. Baba alianza kuchelewa. Kila alipotumwa mjini kufuata dizeli alirudi jua limeshuka, akanawa, akala, akalala. Mama aliufuta mguu wa jeki mpaka ukang'aa, kisha akaufuta tena. Nimeshamuuliza tangu niwe mtu mzima, na hajanificha. Anasema alijua vizuri kwamba ni chuma, kichwa chake kilikuwa kizima, lakini mikono ilikuwa imeandaliwa kushika mtu na haikupata wa kumshika. Akaipa kazi iliyokuwepo. Ninapomfikiria mwanamke yule, mdogo kuliko nilivyo mimi leo, peke yake mbele ya tela na kitambaa mkononi, moyo unaniuma na natamani ningekuwa mkubwa wakati ule.

Kisha kipande cha Kidahwe kikakamilika, na kambi ikatakiwa kushuka kuelekea mjini. Siku ya kuhama baba alibonyeza swichi na jeki haikulia. Akakagua fyuzi, akakaza nyaya, akaleta betri ya pikapu akaunganisha. Badala ya mlio ilitoka harufu ya kuungua. Mota ilikuwa imekufa, licha ya utunzaji wote ule, kwa sababu ilikuwa imezeeka kabla hata hatujaipata. Baba akachomeka hendeli, akaizungusha kwa mkono mpaka karavani ikakaa kwenye gari, kisha akafungua boliti na kuing'oa jeki yote. Karakana ya kambi ilikuwa na nyingine ya kuzungusha kwa mkono, ngumu na ya uhakika, na hiyo ndiyo angeifunga tukifika.

Mama alikuwa ndani akikunja matandiko. Nje alikuwepo mzee mmoja wa Ujiji, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuja na mkokoteni kuchukua masalia ya kambi, breki zilizolika, minyororo, mapipa yaliyotoboka. Nilitoka mlangoni nikaona mguu mmoja unaong'aa umeelekea juu kwenye lundo lile. Alikuwa amelazwa kichwa chini. Hakuwa na nguo.

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka nimeiokota kofia ya makintoshi chini, nimemvalisha, nimemkumbatia na shavu nimelilaza juu yake, na kutu ikinikwaruza mapaja. Mzee akaniambia nishuke, nitaumia. Sikushuka. Baba akaja akicheka kidogo, akaniambia, mama yangu, shuka, tunachelewa. Nikakaza mikono. Akasema atanitafutia mwanasesere mzuri sokoni, mwenye nywele. Hapo nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuisahau, kwamba mtu mzima, tena baba, anaweza kufikiri mtu hubadilishwa na mwanasesere.

"Msimuuze mdogo wangu," nilisema.

Baba akauliza nani.

"Huyu. Mama alimleta kutoka hospitali."

Mkono wa baba ulikuwa njiani kunishika. Ukabaki hapohapo hewani. Nyuma yake mama alikuwa amesimama mlangoni na mto kifuani, na nilijua kwa uso wake kwamba amesikia. Yule mzee wa Ujiji ndiye aliyejua la kufanya. Hakutaka kunitenganisha na mzigo wangu. Alitubeba wote wawili, mimi na jeki, akatushusha kwenye ngazi ya mlango miguuni pa mama, akasema vyuma vingine atavifuata siku nyingine, na akausukuma mkokoteni wake kuelekea barabarani bila kugeuka nyuma.

Mama akaketi. Akanipakata na jeki yangu, grisi ikaingia kwenye gauni lake la safari na hakujali. Akanieleza polepole, kama mtu anayejisomea mwenyewe, kwamba hiki ni chuma, alikuwa akikikinga na mvua tu. Kwamba mdogo wangu alizaliwa kweli. Alikuwa wa kiume. Hakulia, na alikuwa ameshakufa.

Nikauliza yuko wapi.

Mama akamtazama baba. "Muulize baba yako. Mimi sikuambiwa."

Ilikuwa hivyo. Wakati mama amelazwa wodini, baba na wenzake wawili wa kambini walikabidhiwa mtoto wakaenda kumzika, kama wanaume wanavyofanya, ili mama asione. Wote walidhani wanamrahisishia. Baba alirudi wodini, akakaa kwenye benchi, na hakusema ni wapi.

"Nilikuwa nasubiri uniulize," baba alisema.

"Na mimi nilikuwa nasubiri uniambie."

Ndipo baba akasema yote, akiwa amesimama na boliti bado mkononi. Ni makaburi ya upande wa Ujiji, mtelemkoni, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa. Alichimba mwenyewe, wenzake hakuwaachia jembe. Aliweka jiwe la barabarani lenye mshipa mweupe ili asipotee. Na kila alipotumwa dizeli alipitia huko akang'oa majani, ndiyo maana alichelewa. Mama akaufunika mdomo kwa kiganja. Miezi yote ile alikuwa akiamini kwamba mume wake anachelewa kwa sababu hataki kumwona.

Mimi nilikuwa bado na swali. Nikauliza anaitwa nani. Baba akachuchumaa mbele yangu, akaanza kunieleza taratibu kwamba mtoto aliyekuja hivyo mara nyingi hapewi, kwamba hapakuwa na muda.

"Anaitwa Zakayo," mama akasema.

Zakayo lilikuwa jina la babu, baba yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mama akasema alimpa mtoto jina lile wakati muuguzi anamfunga, alilitamka sikioni mwake mara moja, na hakuna aliyemuuliza. Baba aliketi chini, vumbini, na suruali yake ya kazi, akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, na mama hakumwambia anyamaze. Alisogea kwenye ngazi akamwachia nafasi, na baba akaja akakaa pale.

Nami niliitazama jeki iliyokuwa mapajani kwangu. Ilikuwa imegeuka chuma mara moja, chuma kizito kinachonuka kuungua, na niliona aibu kwa siri zote nilizowahi kuiambia. Nilijisikia nimefiwa na watu wawili, mmoja ambaye sikuwahi kumwona na mmoja ambaye hakuwahi kuwepo. Nikalia kwa ajili ya wote wawili. Mama Bukuru alipokuja kutuaga alitukuta tumepangana mlangoni macho mekundu, akafungua khanga, akaketi chini mbele yetu na kichanga chake na kungoja nasi mpaka tulipokuwa tayari kuondoka.

Baba hakuipeleka karavani kwenye kambi mpya. Aliipita njia ya kambi, akaivuta nyumba yetu nzima hadi upande wa Ujiji, watu wakisimama barabarani kuitazama, na akaiegesha kando ya makaburi, mapazia dirishani. Tukatelemka kwa miguu, baba mbele, mama akiwa amenishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikauma. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Lile jiwe lilikuwa dogo, na pembeni yake hapakuwa na jani hata moja. Mama akasimama kabla ya kulifikia.

Baba akavua kofia, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Zakayo," alisema, "mama yako amekuja."